Gumegume

Nyuma ya jiko letu, Kiboriloni,
pana kibanda cha mabati kilichokuwa cha mbuzi.
Mbuzi nilimuuza, nikanunua jiliwa.
Ndeonasia, mke wangu, hajanisamehe:
huniita Bwana Mbuzi akiniletea chai,
na kikombe hukiweka juu ya tupa, makusudi.

Miaka thelathini na mmoja nilikaza nati za reli,
karakana ya Moshi, zamu ya asubuhi,
vyuma vya watu, vipimo vya watu.
Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani.
Mikono yangu haikupewa barua.
Iliendelea kuamka saa kumi na moja
ikipapasa kitu cha kushika.

Ndipo nikaikumbuka gumegume ya babu.
Sikuwahi kuiona. Ilichukuliwa kabla sijazaliwa,
ikaandikwa daftarini, daftari likaliwa na mchwa.
Baba alinirithisha mlio tu:
kwanza "ch!" ya jiwe kwenye chuma,
kisha kimya,
kisha ndipo mlima unakohoa.
"Hapo kwenye kimya," alisema,
"babu yako alikuwa na nafasi ya kujuta.
Bunduki za siku hizi hazimpi mtu nafasi."

Nafasi hiyo ndiyo ninayoichonga.

Kitako ni cha mringaringa
ulioangushwa na masika kwa shemeji, kule Mamba.
Ulikauka miaka miwili chini ya kitanda chetu,
tukalala juu yake kama juu ya siri.
Randa, patasi, msasa, halafu kiganja.
Kiganja ndicho kipimo cha mwisho:
kikipita bila kuuliza swali, basi.
Jogoo, yule wa chuma ashikaye jiwe mdomoni,
nilimfua mara nne.
Wa kwanza alinenepa kama kuku wa Krismasi.
Wa nne ana shingo.
Ndeonasia alimgeuzageuza kwenye mwanga wa mlango,
akasema, "Huyu atawika,"
akarudi kwenye maharage yake.
Neno jema la mwaka mzima, hilo.

Akaja mtu kutoka Kahe.
Nyani wanamaliza mahindi yake,
fedha kaifunga kwenye leso.
"Hii haijui nyani," nikamwambia. "Fuga mbwa."
Akacheka kwa hasira: "Sasa unatengeneza ya nini?"
Nikatafuta jibu, nikalitafuta mpaka kwenye makopo ya misumari.
Ndeonasia akanijibia kutoka jikoni:
"Anaogopa kukaa bure."

Kibali cha kuitengeneza ninacho, kina muhuri.
Cha kuiweka nyumbani, bado.
Kwa hiyo ilipokamilika niliivika kanga
nikaipeleka kituoni mwenyewe,
na huko iko, mwaka wa pili huu,
stoo, kati ya baiskeli za wizi na mizani iliyochakachuliwa.
Afande Mkenda hunipigia simu:
"Mzee Eliakunda, njoo, mgonjwa wako anapata kutu."
Naenda Ijumaa,
na kichupa cha mafuta na kipande cha fulana yangu ya zamani.
Naanzia kwenye mtutu, namalizia kwenye mdeki.
Tunaongea habari za migomba.

Ijumaa iliyopita ilinyesha, kituo kitupu.
Afande akarudishia mlango,
akasema kwa sauti ya mtoto, "Hebu."
Haina baruti. Haijapata kuionja.
Akachungulia, nikachungulia, tukahakikisha mara mbili.
Nikamvuta jogoo shingo nyuma.
"Ch!"
Cheche tatu za njano
zikafia juu ya daftari la mashtaka.

Tukaungoja,
yeye na kofia yake mkononi, mimi na fulana yangu,
mlio usiokuwamo.

Mlango ukagongwa.
Mama mmoja, amelowa chapachapa,
kapoteza kitambulisho.